Basilika ya Mtakatifu Josaphat, Milwaukee

Basilika ya Mtakatifu Josaphat ni kanisa Katoliki lililojengwa na wahamiaji wa Kipolandi, wengi wao vibarua, mjini Milwaukee, Marekani, kati ya 1896 na 1901.

Mawe yake yalitoka posta. Padri Wilhelm Grutza alinunua mabaki ya jengo la posta na forodha la Chicago kwa dola 20,000, yakasafirishwa kwa mabehewa 500 ya reli. Msanifu Erhard Brielmaier ikabidi achore ramani upya, ifuate mawe yaliyopo. Kuba limeiga lile la Mtakatifu Petro, Roma. Vitasa vya milango, vilivyotoka pia kwenye jengo hilo la Chicago, vina nembo ya hazina ya Marekani.

Deni la ujenzi liliwaelemea waumini, na mwaka 1910 Wafransisko wakakabidhiwa parokia. Papa Pius XI alilipatia kanisa hadhi ya basilika mwaka 1929.