Mtaa wa Kuhamia: Hoja Kuhusu Uchaguzi wa Makazi ya Familia Jijini Dodoma

Ikisiri

Makala haya yanahoji mazoea ya kuchagua mtaa wa kuishi kwa kufuata bei ya kiwanja na urahisi wa mkuu wa kaya kufika kazini. Kwa mfano wa familia zilizohamia Dodoma baada ya mwaka 2016, yanatetea hoja kwamba kipimo kinachofaa ni mizunguko ya kila siku ya wanafamilia wasio na gari, na kwamba suala la kuishi litenganishwe na suala la kuwekeza.

Utangulizi

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, lakini kwa zaidi ya miaka 40 wizara nyingi zilibaki Dar es Salaam. Hali ilibadilika Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kuwa serikali yake ingehamia huko. Kufikia Aprili 2019 Mji wa Serikali wa Mtumba ulikuwa umezinduliwa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 Dodoma Mjini. Ile ya 2022 ilihesabu 765,179.

Kwa watumishi waliohamishwa, kuhama halikuwa jambo la kujadiliwa. Lililobaki ni kuhamia mtaa gani. Swali hilo hujibiwa harakaharaka. Mtumishi hutangulia peke yake, hupanga chumba, huwauliza wenzake ofisini, kisha dalali humzungusha nyumba mbili tatu Jumamosi mchana. Familia hufuata shule zikifungwa. Mwenye kuamua ndiye atakayekaa mtaani kwa saa chache kuliko wote, maana huondoka alfajiri na kurudi giza limeingia.

Nadharia na mipaka yake

Mwaka 1956 mchumi wa Marekani, Charles Tiebout, alieleza kuwa familia huchagua mamlaka ya mtaa ambayo kodi na huduma zake zinalingana na matakwa yao, na zisiporidhika huhama. Nadharia hiyo ina masharti: taarifa ziwepo, kuhama kusiwe na gharama, na mamlaka ziwe nyingi. Dodoma masharti hayo hayatimii. Kata zote za jiji ziko chini ya halmashauri moja. Mpangaji mara nyingi hudaiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, pamoja na malipo ya dalali, hivyo akikosea hawezi kuondoka kesho yake. Na taarifa anazopewa hutoka kwa mtu anayelipwa pale tu nyumba inapopangishwa.

Hata hivyo, mtaa si jambo dogo. Raj Chetty na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, walifuatilia familia za Marekani zilizopewa vocha za kuhama mitaa yenye umaskini mkubwa katika miaka ya 1990. Watoto waliohama kabla ya kutimiza miaka 13 walikuja kupata kipato kikubwa zaidi ukubwani. Waliohama wakiwa wakubwa zaidi hawakupata faida hiyo. Matokeo hayo hayawezi kuhamishiwa Dodoma moja kwa moja, kwa sababu mgawanyo wa kitabaka na wa rangi katika miji ya Marekani una historia yake. Lakini yanatufundisha jambo moja la msingi: faida na hasara za mtaa humfikia zaidi mtoto, yaani yule ambaye hakuulizwa.

Mizunguko ya siku

Mpango Mkuu wa Dodoma wa mwaka 1976 ulikusudia makazi yapangwe kwa jumuiya ambamo watu wangefikia huduma kwa miguu na kwa basi. Jiji lililokua baadaye limetanuka kwa njia nyingine. Mara nyingi kiwanja hupimwa na kuuzwa kwanza, nyumba ikafuata, na bomba la maji, barabara ya lami na shule vikaja nyuma, kila kimoja kwa wakati wake. Kwa hiyo anayechagua mtaa mpya anachagua pia muda atakaosubiri huduma.

Chukua kaya ya watu watano inayopanga Nkuhungu, magharibi mwa jiji, huku baba akifanya kazi Mtumba, kilomita zipatazo 17 mashariki ya katikati ya mji. Akipata basi la watumishi, baba haumizwi sana na umbali. Anayeumia ni mtoto wa darasa la tatu anayesimama kituoni alfajiri akitazama daladala zikimpita, kwa kuwa makonda wengi hawampendi abiria wa nauli ya mwanafunzi. Anayeumia pia ni mama anayempeleka mtoto mchanga kliniki kwa bodaboda, na dada wa kazi anayefuata maji.

Maji yanastahili uzito wa pekee. Mvua za Dodoma hunyesha takriban kuanzia Desemba hadi Aprili. Miezi mingine ni kiangazi. Nyumba iliyotazamwa Machi na ile ile ikikaliwa Oktoba zinaweza kuwa kama nyumba mbili tofauti. Mtafutaji makini hurudi mtaani siku ya kazi, asubuhi, bila dalali. Huangalia kama madumu ya njano yamepangwa foleni bombani. Huuliza simtanki ya nyumba inajazwa na bomba, kisima au boza, na kama ni kisima, huyaonja maji, kwani baadhi ya visima vya Dodoma hutoa maji ya chumvi. Kisha humuuliza mwenye genge maji hutoka siku ngapi kwa wiki. Huyo hana kamisheni katika nyumba hiyo, na yuko pale kila siku.

Hoja ya kiwanja

Wapo watakaopinga wakisema kwamba mtumishi wa kipato cha kati hawezi kujali mizunguko tu. Kiwanja cha pembezoni ndicho akiba yake, na thamani yake hupanda jiji linapokifikia. Hoja hiyo ina nguvu, hasa kwa mtu ambaye mafao yake ya kustaafu hayatoshi kununua ardhi mjini. Ila inachanganya mambo mawili. Kiwanja kinaweza kusubiri miaka saba bila lami. Mtoto wa miaka saba hawezi, kwa sababu lami ikifika atakuwa tayari yuko sekondari. Hakuna kinachomlazimu mtu kulala mahali alipowekeza. Anayenunua pembezoni na kupanga karibu na shule hajapoteza akiba yake, na watoto wake hawalipi gharama ya kusubiri.

Hitimisho

Familia inayohamia Dodoma ipange kwanza, ikae kiangazi kimoja, ndipo iamue pa kujenga. Na kabla ya kulipa kodi, iandike mzunguko wa siku wa kila mwanafamilia, ikianza na mdogo. Mwajiri naye asiishie kwenye posho ya uhamisho, bali ampe mtumishi nafasi ya kwenda na mwenzi wake kuutazama mtaa kabla ya tarehe ya kuripoti. Halmashauri ya Jiji, kwa upande wake, ichapishe taarifa za kila mtaa kuhusu ratiba ya maji, nafasi za darasa la kwanza na njia za daladala. Pasipo taarifa hizo, dalali ataendelea kuwa ndiye mpanga mji.