Sombe ya Noeli haihesabiwi

Kwenye meza ya Noeli ya Wakongo wa Kampala, nyama inahesabiwa. Mama wa nyumba anajua kuku ametoa vipande vingapi, na mtoto akirudi kwenye sufuria mara ya pili atatazamwa vibaya. Sombe haihesabiwi. Inakaa pembeni ya wali au bugali, kijani karibu nyeusi, mawese yanaelea juu, na mgeni ambaye hakualikwa akifika saa tisa mchana atapata yake. Lakini ukiuliza mboga hii imetoka wapi, utaambiwa tu, "ni ya kwetu, ya mababu." Haya, tuone.

Tuanze na jina. Siye wa Kivu na Katanga tunasema sombe. Mtu wa Kinshasa anasema pondu, au saka-saka. Mnyarwanda na Mrundi wanasema isombe. Ukivuka ziwa mpaka Kigoma, ukaendelea mpaka Tanga na Unguja, ni kisamvu, na huko wanakiunga kwa nazi. Yote ni majani ya mhogo yaliyotwangwa. Hapa Nsambya nimesikia watu wazima wakigombana juu ya nani alimfundisha nani kupika, Mkongo au Mnyarwanda, na kila aliyekuwepo alijua ugomvi ule haukuwa wa mboga.

Mhogo wenyewe si wa mmoja wala wa mwingine. Wareno waliuleta kutoka Brazil katika karne ya 16, ukashuka pwani ya Kongo na Angola, na unga wake ukalisha watu waliofungwa kwenye meli za watumwa. Kuna wanaopenda kusema mhogo nao ni mkimbizi kama sisi. Msemo huo siupendi. Mkimbizi anakimbia, mhogo uliletwa na wafanyabiashara waliojua hesabu zao.

Huko ulikotoka, mjini Belém kaskazini ya Brazil, wana mboga inaitwa maniçoba. Majani ya mhogo yanasagwa, yanachemshwa mpaka siku 7, halafu inatiwa nyama ya nguruwe. Wanaila mwezi wa kumi, kwenye sikukuu kubwa ya Círio de Nazaré. Kumbe ng'ambo ya bahari pia jani hili ni la sikukuu.

Siku hizo 7 zina sababu. Jani la mhogo lina sumu, aina ya sianidi. Ukilitwanga unalivunja, sumu inajitenga, na ukichemsha bila kifuniko inapaa na mvuke. Koko wangu (bibi, kwa ndugu zangu wa Tanzania) hakujua jina la sumu, lakini ulikuwa ukifunika sufuria ya sombe kabla harufu haijageuka, anakupiga mkono. Mzizi mchungu nao una sumu hiyo. Mwaka 1938 daktari mmoja wa Kongo ya Wabelgiji, Trolli, aliandika juu ya ugonjwa wa Kwango uitwao konzo, unaolemaza miguu ghafla. Baadaye ilijulikana kwamba unawapata watu wanaokula mihogo michungu isiyolowekwa vizuri, tena bila chakula chenye protini. Na protini, kwenye mmea huu, iko kwenye majani; mzizi ni karibu wanga mtupu.

Wabelgiji waliupenda mzizi. Kuanzia 1917 sheria yao ililazimisha vijiji kulima mazao yaliyoamriwa: pamba kwa ajili ya viwanda, na chakula, mihogo ikiwemo. Koko alikuwa anasimulia jinsi ofisa wa kilimo alivyokuja kupima mashamba na kuandika kwenye daftari. Aliandika mashamba, aliandika mizizi. Majani hakuyaandika. Majani yalibaki kuwa mali ya wanawake, na nadhani ndiyo sababu sombe ilipata nafasi kwenye sikukuu: ndicho kitu ambacho nyumba ilikuwa nacho bila kuomba ruhusa.

Kwetu Uvira sombe inapikwa na ndagala wa Tanganyika. Watu wa Bukavu wanatia sambaza, na wataapa kwamba ndivyo mababu walivyokula. Sambaza hakuwepo kwenye ziwa Kivu. Alichukuliwa Tanganyika akamwagwa Kivu kwenye mwisho wa miaka ya 1950. Sombe ya sambaza haijafika hata miaka 70! Nikisema hivi kwenye kikao cha Wabukavu, sipewi chai.

Sasa Kampala. Mihogo iliingia Uganda kwenye miaka ya 1860 na 1870, ikipitia Tanganyika pamoja na wafanyabiashara wa pwani. Waganda wanaita muwogo, wanakula mzizi, na wengi wao majani wanayaona ni ya mbuzi. Tulipofika, jirani aliniuliza kwa heshima kabisa kama tunafuga. Halafu mihogo ya hapa ilipata pigo: mwaka 1988 ugonjwa wa batobato ulionekana Luwero, ukasambaa nchini, majani yakajikunja na kuwa njano, mashamba yakaachwa. Mbegu zinazovumilia zilitoka kituo cha Namulonge, kaskazini ya mji.

Sheria ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kuishi mjini, lakini mgao wa chakula uko kwenye makambi. Kwa hiyo sombe ya Kampala ni ya kununua, na kila kitu ndani yake kimebadilishwa. Ndagala amekuwa mukene wa ziwa Victoria, ambaye wengi wanamkausha juu ya mchanga, basi unaosha mara nne na bado unasikia mchanga kwenye meno. Mawese yanakuja kutoka upande wa Kongo na bei yake inapanda barabara ikifungwa. Kinu nacho ni shida. Ukiwa unaishi kwenye muzigo, chumba kimoja ukuta kwa ukuta na jirani, mwenye nyumba hataki kusikia mchi. Wangu alisema sakafu itapasuka. Ndiyo maana akina mama wa Katwe wanasaga kwa mashine na kuuza kwenye mifuko. Ile ya mashine inaiva upesi, lakini ni laini mno, kama uji. Wazee wanalalamika, kisha wanakula.

Kwa ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, nina neno moja. Mwaka 2020 mgao ulipokatwa kwa asilimia 30, shangazi yangu wa Nakivale alilisha watoto kwa majani ya mihogo iliyozunguka nyumba. Mkileta miche ya mihogo, watu wanaambiwa itatoa magunia mangapi ya mizizi. Mama anataka kujua pia kama jani lake ni laini na halina uchungu, na ataweza kulichuma mara ngapi kabla mzizi haujadhoofika, maana ukichuma kupita kiasi mzizi unabaki mdogo. Na sombe inataka moto mrefu. Inakula kuni nyingi, kwa hiyo kambini wapo wanaoiacha mpaka Noeli na Bonane.

Binti yangu amezaliwa hapa, anaota kwa Kiganda. Sombe anaila, kutwanga hataki, anasema mashine ipo. Sijamlazimisha. Mwaka jana, tarehe 24, tulipata ruhusa ya kutwangia uwanja wa kanisa, kinu kimoja kwa nyumba saba. Zamu yetu ilifika saa nne usiku. Alikuja kushika taa, na nilipochoka alichukua mchi bila kusema kitu.