Umeme wa gari ndani ya nyumba (sehemu ya 4)

Mama zangu, mnaukumbuka mgao wa umeme wa 2006? Ukame ulishusha maji ya bwawa la Mtera, jenereta zikanguruma mitaani. Wengine wenye gari wakategemea inveta, inayogeuza volti 12 za betri kuwa 230 za nyumbani. Wazo lenyewe si geni: Mmarekani David Prince aliliandikia makala tangu 1925. Leo inachaji simu, na wati zikitosha inawasha hata nebulaiza ya mtoto mwenye pumu. Ila injini ikiwaka, gari likae nje, mbali na madirisha. Moshi wake una kaboni monoksidi: haina harufu, huua watu usingizini. Pasi je? Sahau, betri itakwisha chap.