Kichwa Kilichotulia: Mwendo na Mzigo Katika Mwambao wa Mwamgongo

Mwamgongo ni kijiji cha wavuvi na wakulima kilichobanwa kati ya Ziwa Tanganyika na milima, kaskazini ya Hifadhi ya Gombe. Ziwa liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na mgongo wa milima ya eneo hilo unafika mita 1,500 na zaidi, kwa hiyo safari ya kutoka mwaloni kwenda kwenye mashamba ya juu ni kupanda, na kurudi ni kuteremka na mzigo. Kwa vizazi vingi njia kuu ya kufika Kigoma mjini imekuwa maji. Vitabu vya historia ya ukanda huu vinaeleza vizuri kilichobebwa: pembe za ndovu, chumvi ya Uvinza, mawese, dagaa, na watumwa waliopitishwa Ujiji kupelekwa pwani. Namna kilivyobebwa haisemwi sana. Hoja yangu ni kwamba katika mwambao huu kulikuwapo, na bado kupo, elimu kamili ya kutembea na kusimama kwa uangalifu, yenye walimu, mazoezi na kanuni zake. Na kwamba hatutaielewa elimu hiyo mpaka tukubali kuitenga na mzigo ulioizaa. Mzigo ulivunja watu. Ustadi uliwakinga, kwa kiasi ulichoweza.

Tuanze na maji. Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Ujiji Februari 1858, mmoja miguu imegoma kabisa, mwingine karibu kipofu kwa ugonjwa wa macho. Miezi michache baadaye walikodi mitumbwi miwili wakaelekea Uvira, upande wa kaskazini wa ziwa, wakianza kwa kuambaa ufuko wa kaskazini ya Ujiji, yaani mwambao huu huu. Mtumbwi mkubwa ulikuwa wa futi 60 hivi kwa urefu na futi 4 tu kwa upana. Katika kitabu chake cha 1860 Burton analalamika sana kuhusu wapiga kafi: nyimbo zisizokwisha, pembe zinazopulizwa, na vituo vya mara kwa mara ambavyo yeye aliviona kuwa uvivu. Mimi nayasoma malalamiko hayo kama ushahidi wa jambo ambalo mlalamikaji hakulitambua. Mtumbwi wa gogo moja hauna mkuku. Mtu mmoja akiegemea upande usio wake, wote wamo majini. Wimbo ndio uliowaweka makumi ya watu katika pumzi moja na mkono mmoja, na kituo ndicho kilichookoa mabega kabla hayajachoka kiasi cha kukosea. Ustadi huohuo ulihitajika usiku katika uvuvi wa dagaa kwa lusenga, wavu wa mpini mrefu: mvuvi anasimama kwenye mtumbwi mwembamba, mwanga wa kuni zinazowaka ukiwavuta samaki, anazamisha wavu na kuuinua ukiwa umejaa huku mawimbi yakiinua chombo chini ya nyayo zake. Mtu asiyesikiliza magoti yake mwenyewe hawezi kazi hiyo hata kwa saa moja.

Nchi kavu nayo ilikuwa na shule yake. Ujiji ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,000, na mpagazi wa kawaida alibeba karibu frasila 2, yaani kilo 32 hivi, pamoja na chakula, mkeka na chungu chake. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha 2006 kuhusu wapagazi, ameonyesha kwamba hawa walikuwa wafanyakazi wenye utaalamu na heshima ya kazi, hasa Wanyamwezi, waliojua kudai ujira, posho na mwendo unaofaa. Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, alitangulia, ngoma na nyimbo zikapanga hatua, vituo vikajulikana kabla ya safari. Wako waliopendelea bega, wako waliotumia kichwa, na kila upande ulikuwa na namna yake ya kuhamisha uzito kabla kiungo kimoja hakijalemewa. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, kazi hiyo ilipoteza soko lake kuu. Vita vya Kwanza vya Dunia vikairudisha kwa nguvu na ukatili, kwa maelfu ya wapagazi waliokamatwa, wakapakiwa bila hiari wala mapumziko, wakafa njiani kwa njaa na maradhi. Tofauti kati ya msafara wa Wanyamwezi na ule wa jeshi ina uzito mkubwa katika hoja hii: miili ilikuwa ya aina ileile na mizigo haikupishana sana, lakini uwezo wa mbebaji kuamua mwendo na kituo chake ulikuwa umeondolewa.

Hata hivyo sehemu kubwa kabisa ya ubebaji haikupita barabara ya misafara wala haikuandikwa na mgeni yeyote. Ni ya wanawake, kati ya kisima, shamba, mwalo na nyumba: ndoo ya maji, mzigo wa kuni, kikapu cha mihogo, ungo wa dagaa. Msichana huanza na chombo kidogo juu ya kata ya nguo au majani, akimfuata mama au bibi yake, na anasahihishwa mara nyingi kuliko tunavyokumbuka: shingo ndefu, macho mbele, hatua fupi penye utelezi, usigeuze kichwa, geuka mwili mzima. Nayaita mafunzo, kwa sababu yana kila kitu ambacho mafunzo yanahitaji. Sayansi ilichelewa kuyatazama. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Geoffrey Maloiy, Norman Heglund na wenzao uliofanywa Kenya, ukionyesha kwamba wanawake wa Kijaluo waliobeba kichwani, na wa Kikikuyu waliobeba kwa mkanda wa kwenye paji la uso, waliweza kuchukua hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu ya ziada inayopimika. Mwaka 1995 Heglund na wenzake walieleza kinachotokea: mwili wa mtu anayetembea hupanda na kushuka kama timazi inayobembea, na wanawake hao, wakiwa na mzigo, walipoteza nguvu pungufu katika kila mbembeo kuliko watu wasiozoea.

Hapa pingamizi la kwanza linasimama, nalo ni zito. Je, si kuipamba dhiki? Watafiti waliofanya kazi Afrika Kusini miaka ya baadaye hawakuona nafuu hiyo kwa wanawake wote. Tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa, na wengi walilalamikia maumivu ya shingo. Ng'ambo ya ziwa, nchini Kongo, picha za eksirei za wabeba kuni zilionyesha uchakavu wa pingili za shingo. Nayapokea yote hayo bila kupunguza neno. Mama anayepanda mlima na lita 20 kichwani kwa miaka 40 analipa gharama, na anayemwambia kwamba ana mkao mzuri hajamsaidia. Lakini ushahidi huu unahukumu kilo, idadi ya safari na kukosa pumziko. Hauhukumu ule uangalifu wa shingo, macho na hatua. Ili kuuhukumu uangalifu wenyewe tungehitaji mahali unapofundishwa bila mzigo wowote, na mahali hapo papo. F. Matthias Alexander, mghani wa jukwaani aliyezaliwa Tasmania mwaka 1869, alipopoteza sauti alijichunguza akagundua namna alivyokaza shingo, akaunda mafunzo yanayoanza na jinsi kichwa kinavyokaa juu ya uti wa mgongo. Utafiti uliochapishwa katika British Medical Journal mwaka 2008, uliohusisha watu 579 wa Uingereza wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu au ya kujirudia, ulionyesha kwamba waliopewa masomo 24 ya aina hiyo walikuwa, mwaka mmoja baadaye, na siku 3 za maumivu katika wiki 4, ilhali wenzao wenye huduma ya kawaida walikuwa na siku 21. Wanachofundishwa watu hao kwa ada, bibi wa Mwamgongo amemfundisha mjukuu wake njiani kwenda kisimani. Tofauti ni ndoo.

Pingamizi la pili linasema kazi ni kazi: mazoezi ya mwili kwa ajili ya afya yana nia yake, na mvuvi au mchota maji hana nia hiyo. Lakini taijikwani ya China, ambayo leo hospitali za nchi nyingi zinawashauri wazee waifanye, ilikuwa sanaa ya mapigano. Ni mwaka 1956 tu serikali ya huko ilipoifupisha kuwa mitindo 24 ili kila raia aweze kuifanya kwa afya. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliotolewa na Cochrane mwaka 2019 ulikuta kwamba mazoezi, hasa yanayojenga uwezo wa kutoyumba, hupunguza kuanguka kwa wazee kwa asilimia 23 hivi. Asili ya mwendo haikuzuia mwendo huo kupewa nia mpya. Tena ukanda huu haukukosa harakati zisizo za kazi. Ujiji ni mji wa Waislamu tangu zama za misafara, na swala inamtaka mtu atulie katika kila hatua, kwenye rukuu, kwenye itidali, kwenye sijda, kabla hajaingia nyingine. Anayedonoa kama kuku ameharibu swala yake. Tarika ya Kadiria, iliyofuata njia zilezile za misafara kuja bara, ilileta zikri yenye pumzi na mwili vinavyokwenda pamoja. Sidai kwamba watu huswali kwa ajili ya magoti. Nadai kwamba wazo la kuutuliza mwili kwa makusudi halikuja Kigoma na mgeni wa juzi.

Sasa mzigo unapungua, na inapasa upungue. Injini imechukua nafasi ya kafi, karabai na baadaye taa za umemejua zimechukua nafasi ya kuni, na kila bomba linalofika karibu na nyumba ni shingo kadhaa zilizookolewa. Ninachohofia ni kwamba ustadi unaondoka katika mkumbo huohuo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuhesabu kuwa kitu peke yake. Kizazi kinachokuja kitazeeka katika miteremko ileile, ngazi za mawe zilezile na boti zinazoyumba zilezile, bila shingo iliyofundishwa. Anayepanga huduma za wazee wa mwambao huu hana sababu ya kuagiza kila zoezi kutoka mbali wakati wapo wanawake wa miaka 60 na 70 wanaoweza kuonyesha, kwa kata na kikapu kitupu, namna ya kuteremka bila kuyumba. Walipwe kama walimu. Na mafunzo hayo yaanze baada ya bomba kufika, kwa sababu kumfundisha mtu kubeba vizuri zaidi huku ukimwacha na ndoo ileile kungekuwa kuurefusha mzigo wake.