Wanaofua na kusugua sakafu wajikinge na maumivu ya kifundo

MAUMIVU ya kifundo cha mkono hayaji kwa kishindo. Mama wa Timbwani, Likoni, anayevuka feri alfajiri kwenda kisiwani Mombasa kutafuta kibarua cha kufua na kupiga deki, huanza kwa kuhisi mkono mzito jioni. Wiki kadhaa baadaye hawezi hata kufungua kifuniko cha chupa.

Kukamua nguo ndiko kunakodhuru zaidi. Gumba hubana ilhali kifundo kinapindwa, na kano mbili zinazoendesha kidole hicho husuguana na ala yake nyembamba hadi ikafura. Daktari wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliueleza ugonjwa huo mwaka wa 1895, nao Waingereza waliuita mteguko wa mwanamke dobi. Kuutambua si vigumu. Gumba likunjwe ndani ya kiganja, ngumi ifungwe, kisha kifundo kipindwe taratibu kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Uchungu mkali penye shina la gumba ni dalili yake.

Ganzi ya gumba, kidole cha shahada na cha kati, hasa usiku, ni jambo jingine: neva inayoelekea kiganjani imebanwa. Wajawazito na wagonjwa wa kisukari huwa katika hatari zaidi.

Shuka na mablanketi hayana haja ya kukamuliwa. Yaanikwe yakichuruzika, jua la Pwani litayakausha. Nguo isiyoweza kungoja izungushwe kwenye mfereji au nguzo, ncha zake mbili zishikwe pamoja na kusokotwa kwa nguvu za mikono mizima, vifundo vikiwa vimenyooka. Uchafu sugu ulowekwe mapema badala ya kusuguliwa. Beseni liwekwe juu ya meza au benchi, na ufagio wa chelewa utiwe mpini mrefu. Dumu la maji la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Ni afadhali mawili yaliyojazwa nusu, moja kila mkono.

Ushauri wa kupumzika ni rahisi kwa asiyelipwa kwa kutwa. Hata hivyo, kubadilisha kazi hakumpunguzii mtu ujira: afue kidogo, afagie, apanguse madirisha, kisha arudi kwenye beseni.

Mwajiri naye ana wajibu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka alinganishe vifaa na kazi na uwezo wa mfanyakazi, wala asimbebeshe mzigo mzito unaoweza kumjeruhi. Kumnunulia deki yenye mpini ni gharama ndogo.

Maumivu yakianza, bandeji ngumu ya kutuliza kifundo na gumba husaidia wengi, na yasipopoa daktari huweza kudunga sindano ya kupunguza uvimbe. Lakini ganzi isiyoondoka, vitu kuponyoka mkononi au nyama ya shina la gumba kukonda si mambo ya kuchuliwa mafuta nyumbani. Mgonjwa afike hospitalini upesi, kwani neva iliyobanwa muda mrefu huenda isipone kabisa hata baada ya upasuaji.