Mji na Jiji, Meli na Jimeli

Sokoni Kasulu, ukisema unataka mafuta, hupimiwi hadi ujibu swali. "Yapi, mwalimu?" Mama muuzaji hakosei kuuliza. Mbele yake ana dumu la mawese mekundu yaliyokamuliwa huku huku Kigoma, duka la nyuma yake lina mafuta ya alizeti, na kando ya barabara kuna kituo cha petroli na dizeli. Yote ni mafuta. Ukiongeza neno "ghafi" ukidhani umeondoa utata, umeuzidisha, maana wafanyabiashara wa mafuta ya kula nao wana mafuta ghafi yao, yale ambayo hayajasafishwa kiwandani.

Utata huu umenikaba nikiwa na kazi ndogo ya tafsiri mezani: maelezo ya wanafunzi kuhusu meli kubwa mno zilizosomba mafuta ghafi ya petroli kutoka Ghuba ya Uajemi kuanzia miaka ya 1950. Kiingereza kina neno moja kwa ajili ya meli hizo, supertanker. Sisi huandika "meli kubwa ya mafuta". Ni Kiswahili safi na kila mtu anakielewa, ila hakitofautishi kitu na kitu. Meli inayoshusha tani 40,000 za dizeli Dar es Salaam ni meli kubwa ya mafuta. MT Sangara ya Ziwa Tanganyika, inayopeleka mafuta kutoka Kigoma hadi Bujumbura na bandari za Kongo, nayo ni meli kubwa ya mafuta machoni pa mvuvi wa Kibirizi aliyeketi mtumbwini. Istilahi inayomwachia kila mtu kipimo chake bado haijawa istilahi.

Tuanze na neno ambalo halina ugomvi. "Meli" tulilitwaa kutoka neno la Kiingereza la barua za posta, kwa sababu stima zilizokuja pwani kwa ratiba ndizo zilizoleta barua. Chombo kikapewa jina la mzigo wake. "Tangi" nalo wataalamu wengi hulihusisha na Kigujarati, ambamo lilimaanisha birika la kuhifadhia maji, kwa hiyo lilikuwa neno la Bahari ya Hindi kabla halijawa la viwanda vya Ulaya. Na hapa siwezi kuliacha debe. Kabla ya meli za tangi, mafuta ya taa yalivuka bahari ndani ya madebe ya bati, mawili mawili katika kasha la mbao. Mwaka 1892 meli iitwayo Murex ilipita mfereji wa Suez ikiwa na tani 4,000 hivi za mafuta ya taa yaliyomiminwa moja kwa moja tumboni mwake, bila debe hata moja, na kuanzia hapo kusafirisha mafuta kwa bati kukawa gharama ya bure. Lakini debe lilikuwa limeshafika bara. Mafuta yakaisha, bati likabaki, na hadi leo maharage ya Kibondo na mahindi ya Kasulu hupimwa kwa debe.

Shida yetu yote imo katika neno "kubwa".

Ukubwa wa meli ya mafuta huhesabiwa kwa uzito wote inaoweza kubeba: shehena, mafuta ya injini yake, maji, chakula na watu. Zile zilizojengwa kwa wingi Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili zilibeba tani 16,000 na kitu. Mwaka 1956 Mmarekani Daniel Ludwig, aliyekuwa amekodi karakana ya zamani ya jeshi la majini la Japani huko Kure, alitoa Universe Leader ya tani 85,000 hivi. Mwaka huo huo Gamal Abdel Nasser alitaifisha mfereji wa Suez, vita vikazuka, na mfereji ukafungwa hadi 1957. Wenye meli waliliona jambo moja waziwazi: kama mafuta ya Ulaya yatalazimika kuizunguka Afrika nzima, safari hiyo ndefu inalipa kwa meli kubwa tu.

Hesabu yake mtu anaweza kuifanya kwa tangi la maji la uani. Ongeza maradufu urefu, upana na kina chake. Bati utakalohitaji ni mara nne, lakini maji yatakayoingia ni mara nane. Mabaharia nao hawaongezeki kwa kiasi hicho, kwani watu wapatao 30 walitosha kuendesha meli iliyobeba mara kumi ya meli za baba zao. Ndiyo maana ukubwa ulipanda kama homa. Mwaka 1959 Universe Apollo ilivuka tani 100,000. Mwaka 1966 Idemitsu Maru ya Japani ilivuka 200,000. Juni 1967 vita vya Waarabu na Waisraeli viliufunga mfereji tena, safari hii kwa miaka minane, na 1968 ikaja Universe Ireland ya tani 326,000, ambayo hata mfereji ungekuwa wazi isingeweza kupita ikiwa imejaa. Hizi ni meli zilizoumbwa na njia ya Rasi ya Tumaini Jema.

Zilipita mashariki mwetu, mbali na macho ya watu wa Mtwara na Mikindani, wala hazikuwa na sababu ya kusimama. Desemba 1969 tatu kati yake zililipuka ndani ya mwezi mmoja, na mojawapo, Mactra, ilikuwa katika mlango wa bahari wa Msumbiji. Matangi yalikuwa matupu yakioshwa kwa mabomba ya maji yenye nguvu kubwa. Ukungu wa maji yale ulizaa umeme tuli, na ndani ya tangi kubwa kiasi kile cheche ndogo ilitosha kuwasha mvuke wa mafuta. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa ameosha tangi la ukubwa ule mara nyingi vya kutosha kulijua hilo. Baadaye matangi yakawa yanajazwa gesi isiyowaka kabla ya kuoshwa.

Kwa msomaji wa huku milimani, nimejaribu kuuweka ukubwa huo barabarani. Tani 200,000 za mafuta ghafi ni lita milioni 230 hivi. Kwa dumu la lita 20, ni madumu zaidi ya milioni 11. Kwa malori ya mafuta yabebayo lita 40,000 kila moja, ni malori zaidi ya 5,700. Yapange yakigusana, pua kwa mkia, na mstari wake utatoka Kasulu uteremke hadi Kigoma mjini. Hiyo ni meli moja, tena si ile kubwa kuliko zote. Batillus, iliyotoka karakana ya Saint-Nazaire, Ufaransa, mwaka 1976, ilikuwa na urefu wa mita 414 na uwezo wa tani 550,000 hivi. MV Liemba yetu ina mita 71. Panga Liemba tano na bado Batillus inabaki na nafasi.

Lakini Batillus ilizaliwa imechelewa. Oktoba 1973 vita vingine vya Waarabu na Waisraeli vilizuka, nchi za Kiarabu zikapunguza na kuzuia mafuta, na bei ya pipa ikapanda kutoka dola 3 hivi hadi karibu 12 ndani ya miezi michache. Nchi tajiri zikaanza kubana matumizi. Meli zilizokuwa zimeagizwa zikaendelea kushushwa majini kana kwamba hakuna kilichotokea. Juni 1975 Suez ikafunguliwa. Mafuta ya Bahari ya Kaskazini na ya Alaska yakaanza kutiririka karibu na wanunuzi wake. Meli mpya kabisa zikafungwa nanga bila kazi katika ghuba za Norwei na Ugiriki. Kulikuwa pia na hofu yenye haki ya mafuta kumwagika baharini: Torrey Canyon ilikuwa imepasukia miambani kusini-magharibi mwa Uingereza mwaka 1967, na mwaka 1978 Amoco Cadiz ikachafua fukwe za Brittany. Meli kubwa kuliko zote, Seawise Giant ya mita 458, ilishambuliwa kwa mabomu 1988 katika vita vya Iran na Iraki, ikakarabatiwa, ikabadilishwa majina mara kadhaa, ikamalizia siku zake kama ghala la mafuta linaloelea Qatar, na ikavunjwa Alang, India, mwaka 2010.

Mtu wa Kibondo angeweza kusema hayo ni mambo ya mbali. Lakini bei ile ya 1973 ilifika hapa. Tanzania ilikuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta ghafi, TIPER cha Kigamboni, kilichoanza 1966, na fedha za kigeni za kununulia mafuta hayo zilitoka katika kahawa, pamba na katani. Serikali ilifika hatua ya kuzuia magari binafsi barabarani Jumapili alasiri. Wilaya iliyo mwisho wa barabara ndefu huuona uhaba kabla ya wengine. Hadi gridi ya Taifa ilipofika mwaka 2022, taa za Kibondo na Kasulu ziliwaka kwa majenereta ya dizeli, na mpaka sasa mdhibiti wa nishati, EWURA, akitangaza bei kikomo za mwezi, tunajua kabla ya kusoma kwamba yetu itakuwa juu ya ile ya Dar es Salaam. Hatujawahi kuiona meli ya tani 300,000, lakini gharama ya usafiri wa mafuta tunaifahamu kwa senti zake.

Basi tuiiteje? Kutohoa ni rahisi, na "supatanka" hutamkika, ila linamfundisha nini mtoto wa Kasulu asiyejua hata "tanka"? Halina mzizi wowote wa kushikilia. Kutafsiri kwa maelezo, "meli kubwa kupita kiasi ya kubebea mafuta ghafi", ni sentensi, si jina. Mimi napendekeza jimeli. Wingi wake ni majimeli, katika ngeli ya LI-YA.

Najua pingamizi la kwanza. Umbo la ukubwa katika Kiswahili hubeba dharau au kitisho: jitu, joka, jibwa. Lakini kuna neno moja la aina hiyo ambalo serikali yenyewe imelivika suti. Mji ukikua huwa jiji. Dodoma ilipotangazwa jiji mwaka 2018 hakuna aliyeona imetukanwa. Kasulu ina Halmashauri ya Mji, na kila mkazi anajua kwamba kuufanya jiji si suala la jicho la mtu, bali ni vigezo na tangazo. Hicho ndicho ninachokitaka kwa meli. Biashara ya meli tayari ina mpaka: kuanzia tani 200,000 chombo huingia daraja jingine. Mpaka huo tuupe jina. Chini yake ni meli ya mafuta. Kuanzia hapo ni jimeli.

Pingamizi la pili ni la wanasarufi, na ni zito zaidi. Ndege hugeuka dege, kikapu hugeuka kapu: mzizi mrefu hudondosha kiambishi badala ya kuongeza ji-. Ila "meli" haina cha kudondosha. Ukisema "meli hili" utadhaniwa umekosea ngeli. Hapo wasemaji wenyewe huweka ji- mbele, kama wanavyosema jigari, na sikio halikatai.

Kuhusu "mafuta ghafi", ningeandika "mafuta ghafi ya petroli" mara ya kwanza katika kila maandishi, kisha nifupishe. Ni maneno mawili ya ziada, na yanamwondolea mama wa mawese kazi ya kuuliza. Haja yenyewe inakaribia. TIPER haisafishi tena na kiwanda cha Mombasa kilisimama 2013, kwa hiyo kwa miaka mingi neno "ghafi" limetuhusu kidogo. Sasa bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, limekusudiwa kuleta mafuta ghafi hadi Chongoleani, Tanga, na meli za kuyachukua zitahitaji kuandikwa kwenye mikataba, magazetini na katika mitihani.

Katika tafsiri yangu, sentensi iliyonikwamisha sasa inasomeka hivi: "Kati ya 1976 na 1979 majimeli manne ya tani zaidi ya 500,000 yalitoka karakana ya Saint-Nazaire, na matatu kati yake yaliuzwa kuwa chuma chakavu kabla ya kutimiza miaka 10."