KIKOA NI DHAMANA: Historia fupi ya mvutano juu ya majina ya intaneti

Utangulizi

Miongoni mwa istilahi zilizoingia katika lugha yetu pamoja na intaneti, liko neno moja dogo ambalo wafasiri wengi hulitumia bila kulipima. Neno hilo ni kikoa. Tunakutana nalo katika fomu za usajili, katika kanuni za serikali na katika matangazo ya makampuni, na mara nyingi hufuatana na neno jingine, yaani mmiliki. Husomeka "mmiliki wa kikoa" kana kwamba jambo hilo limekwisha kuamuliwa. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba halijaamuliwa. Swali la kama kikoa humilikiwa au hutunzwa limezua mvutano duniani kwa zaidi ya miaka 30, na mfasiri achaguaye neno moja na kuliacha jingine huwa amekwisha kuchukua upande, apende asipende.

Jina na namna lisomwavyo

Tuanze na mfano wa hapa nchini. Halmashauri ya Wilaya ya Tandahimba, katika uwanda wa juu wa Makonde mkoani Mtwara, ina anwani yake katika intaneti: tandahimbadc.go.tz. Sisi huisoma kutoka kushoto, lakini kompyuta huitafuta kutoka kulia. Kwanza huja tz, yaani nchi. Kisha go, yaani serikali. Mwisho jina la wilaya, likifuatwa na herufi mbili ambazo ni ufupisho wa Kiingereza wa maneno Halmashauri ya Wilaya.

Kompyuta zenyewe huitana kwa tarakimu. Mwananchi anapoandika anwani hiyo, kompyuta huuliza kwanza kwenye daftari kuu, liitwalo mzizi, ni nani atunzaye daftari la tz. Huko huelekezwa kwa mtunzaji huyo, naye huielekeza mbele, ngazi kwa ngazi, mpaka tarakimu zinazotakiwa zipatikane. Kila ngazi hutegemea ile iliyo juu yake. Jina la Tandahimba likifutwa katika daftari la juu, wilaya itabaki mahali pake pamoja na mikorosho yake, lakini katika intaneti haitaonekana. Hii ndiyo sababu watu wamegombania madaftari haya.

Asili ya mpango huu

Hapo mwanzo majina yote yaliandikwa katika orodha moja iliyotunzwa katika taasisi ya utafiti ya Stanford, huko California. Orodha ilipozidi kurefuka, mwaka 1983 Paul Mockapetris, akishirikiana na Jon Postel, alibuni mpango wa vikoa tunaoutumia mpaka leo. Postel, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, ndiye aliyekuwa akigawa vikoa vya nchi. Ili asilazimike kuamua ni ipi nchi na ipi si nchi, alifuata orodha ya kimataifa ya vifupisho vya majina ya nchi. Ndimo zilimotoka tz yetu, ke ya Kenya na ug ya Uganda.

Katika waraka wa mwaka 1994, Postel alieleza msimamo ambao ndio kiini cha makala haya: kwamba si sahihi kuzungumzia haki na umiliki wa vikoa, na kwamba linalofaa kuzungumzwa ni wajibu na utumishi kwa jamii. Mtunza daftari, kwa maoni yake, ni mtu aliyewekewa dhamana na watu wa nchi yake na vilevile na watumiaji wa dunia nzima.

Makampuni yaingia

Dhamana hiyo haikukaa muda mrefu bila kujaribiwa. Mwaka 1993 shirika la sayansi la serikali ya Marekani liliipa kampuni ya Network Solutions kazi ya kusajili majina ya .com, .org na .net. Watumiaji hawakulipa kitu, kwa kuwa gharama zilitoka serikalini. Septemba 1995 kampuni iliruhusiwa kutoza ada: dola 100 kwa miaka miwili ya kwanza, na baadaye dola 50 kwa mwaka. Jambo lililokuwa huduma likageuka biashara, tena biashara isiyokuwa na mshindani. Mwaka 2000 kampuni ya VeriSign iliinunua Network Solutions kwa kiasi cha dola bilioni 21.

Kabla ya hapo, Januari 1998, Postel aliwaandikia watunzaji wa kompyuta za mzizi akiwataka wafuate nakala yake badala ya ile ya kampuni. Wanane kati ya 12 walimtii. Serikali ya Marekani ilimtaka aurudishe utaratibu wa awali, naye akaurudisha. Tukio hilo lilidhihirisha kwamba dunia haikuwa na jibu moja kwa swali la nani mwenye kauli ya mwisho. Mwezi Septemba mwaka huohuo ikaundwa ICANN, shirika lisilo la faida lililosajiliwa California, nalo likakabidhiwa kazi ya kuratibu majina. Postel alifariki mwezi uliofuata. Serikali ya Marekani iliendelea kulisimamia shirika hilo kwa mkataba mpaka tarehe 1 Oktoba 2016.

Mfano wa namna kampuni inavyoweza kujisahau ulionekana Septemba 2003. VeriSign iliamua kwamba kila jina la .com au .net lililoandikwa kimakosa lipelekwe kwenye ukurasa wake yenyewe. Kosa la mwandishi likawa mapato ya mtunza daftari. Malalamiko yalikuwa makali, ICANN ikaamuru jambo hilo likomeshwe, nalo likakoma mwanzoni mwa Oktoba.

Mambo yalivyokuwa kwetu

Afrika Mashariki haikuwa mbali na mvutano huu. Kikoa cha ke kilikabidhiwa mwaka 1993 kwa mtaalamu mmoja mmoja, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile. Intaneti ilipokua, Wakenya walijadiliana kwa muda, na mwaka 2002 dhamana ikahamia kwa KENIC, chombo kilichounganisha serikali, makampuni na watumiaji. Kikoa cha tz kiliingizwa katika mzizi mwaka 1995, na kwa miaka mingi kililelewa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2006 Mamlaka ya Mawasiliano na chama cha watoa huduma za intaneti waliunda tzNIC, na mwaka 2010 daftari likakabidhiwa kwake rasmi. Baadaye kazi hiyo ilichukuliwa na Mamlaka yenyewe.

Mvutano mkubwa zaidi ulihusu .africa. Mwaka 2012 waombaji wawili walijitokeza: DotConnectAfrica, yenye ofisi Nairobi, na msajili wa Afrika Kusini aliyeungwa mkono na Kamisheni ya Umoja wa Afrika. Maombi ya DotConnectAfrica yalikataliwa mwaka 2013, lakini Julai 2015 jopo la wasuluhishi liliamua kwamba ICANN haikufuata kanuni zake katika kuyakataa. Shauri likaendelea hadi mahakama za California, na mwezi Februari 2017 kikoa kikakabidhiwa kwa msajili wa Afrika Kusini. Msomaji na atafakari: jina la bara letu lilibishaniwa mahakamani ng'ambo, kwa sheria ya ng'ambo.

Jaribio la .org

Novemba 2019 ilitangazwa kwamba shirika lisilo la faida lililotunza daftari la .org litauzwa kwa kampuni ya uwekezaji ya Ethos Capital kwa dola bilioni 1.135. Majina zaidi ya milioni 10 yalikuwa katika daftari hilo, mengi yakiwa ya mashirika ya hisani, ya dini na ya elimu. Wapinzani waliuliza: iwapo daftari hilo liliwekwa kuwa amana, yawezaje kuuzwa? Tarehe 30 Aprili 2020 ICANN ilikataa kuidhinisha mauzo hayo. Ubishi wote wa miezi ile uliegemea maneno mawili, miliki na amana.

Mafunzo kwa wanaistilahi

Neno la Kiingereza lililotafsiriwa kuwa kikoa lina asili katika Kilatini dominus, yaani bwana. Ni neno la shamba la mtawala. Kiswahili kimelipa jambo hilohilo jina lenye asili nyingine kabisa. Kikoa, kwa wazee wetu, ni chakula kiliwacho kwa ushirika, kila mmoja akitoa mchango wake au watu wakipokezana zamu ya kukiandaa. Anayepika leo hawi mwenye chakula, na kesho sufuria huwa kwa mwenziwe. Hata kama waliolichagua neno hili hawakukusudia hivyo, wametupa istilahi iliyo karibu na fikira ya Postel kuliko neno la Kiingereza lenyewe. Ni hasara kulifunga mkia wa "mmiliki".

Watu wa Tandahimba, Newala na Masasi hawahitaji kufundishwa tofauti hii. Tangu msimu wa 2007/08 korosho za Mtwara zimeuzwa kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani. Mkulima hupeleka korosho katika chama chake cha msingi, nazo huwekwa katika ghala mpaka siku ya mnada. Mwendesha ghala ana ufunguo, ana daftari na analipwa ujira wake, lakini korosho si zake. Anayemwandika mwendesha ghala kuwa mmiliki amempa mali ya watu kwa kalamu.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo:

(a) Anayetunza daftari la kikoa aitwe mtunza daftari. Neno mdhamini lingefaa, ila siku hizi limekwisha kuchukua pia maana ya kampuni inayogharimia michezo, nalo laweza kupotosha.

(b) Anayeuza huduma ya kuandikisha majina aitwe msajili, na anayeandikishiwa aitwe mwenye usajili. Huyu wa mwisho ana haki ya kulitumia jina kwa muda alioulipia, na haki hiyo ina ukomo.

(c) Kitendo cha kumpa mtu kikoa akitunze kiitwe kukabidhi, na kumpa mwingine baadaye kiitwe kukabidhi upya. Kuhamisha umiliki kuachwe.

Istilahi hizi zisidhaniwe kuwa ni za kuyakemea makampuni peke yake. Dhamana haigeuki miliki kwa sababu tu aliyeishika ni serikali, na mtumishi wa umma anayeandaa kanuni za kikoa cha tz anapaswa kukumbuka usemi tuliolelewa nao kwamba cheo ni dhamana. Walimu nao wanaweza kuanza kwa kuwasomesha wanafunzi anwani ya wilaya yao kutoka kulia kwenda kushoto, wakiuliza katika kila nukta ni nani aliyekabidhiwa, na kwa niaba ya nani.

Tunawakaribisha wasomaji watuletee maoni yao, hasa wale ambao katika kazi zao wamekutana na maneno mengine yanayofaa zaidi.